Nilipopelekwa Ulaya Kuonyesha Umaskini Wetu

Wenzetu wa Ujerumani walipolialika kanisa letu la Migori kwenda kueleza shida zetu, nilichaguliwa mimi, mwalimu wa shule ya msingi kule Uriri, mwenye nyumba ya mawe Suna na friji iliyowekwa sebuleni ili wageni waione. Nani angeujua umaskini kunishinda?

Waliomba picha. Nikaenda Karungu kumpiga mama picha akianika omena, wale dagaa wa ziwani, nikamsihi avae leso yake iliyochanika. Aliingia ndani, akatoka na gauni la Jumapili na kilemba.

"Nyara," akaniambia kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "ukitaka picha ya maskini, jipige wewe mwenyewe."

Nikasafiri na picha hiyo, mama akionekana kama mke wa mbunge.

Siku ya mkutano nilifika mapema, nikakuta foleni ndefu kwenye mlango wa ukumbi. Nilifurahi kuona nilivyosubiriwa. Mbele yangu alisimama bibi wa umri wa mama yangu, koti safi, rangi ya mdomo imepakwa vizuri. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye mgeni atakayezungumza. Akanitazama kwa huruma. Hii ni foleni ya chakula, akasema, na kama sikubeba mfuko, yeye ana wa ziada.

Tulisogea pamoja. Alinieleza kwamba anaishi peke yake ghorofa ya nne, na wakati wa baridi hupasha joto chumba kimoja tu. Mwaka uliopita alianguka bafuni, akalala sakafuni siku mbili.

"Kwenu mtu akianguka," akaniuliza, "nani huja?"

Nikamwambia huja kila mtu, hata wale usiowataka. Akacheka. Alipopewa mkate aliukata, akanipa nusu. Nikaula, mimi mjumbe wa njaa kutoka Afrika.

Ukumbini nilisema nilichotumwa kusema. Walilia vizuri sana. Sikuwauliza kama waliiona ile foleni; walikuwa wameingilia mlango mwingine.

Niliporudi, akina mama wa kanisa la Homa Bay waliniita niwasimulie safari. Niliposema kwamba Wazungu nao hupanga foleni ya mkate, mmoja aliniuliza kwa upole kama ndege ilinishusha nchi nyingine. Nikawahutubia jinsi tulivyo matajiri wa watu, kwamba kwetu hakuna mzee anayeachwa peke yake. Wakanipigia makofi.

Nilifika Suna bado nimevimba kwa sifa. Ndipo nikamkumbuka mzee anayeishi nyuma ya ukuta wangu. Mara ya mwisho nilimsalimia kwenye mazishi ya mkewe. Nikachukua unga na sukari, nikaenda kubisha. Alichelewa kufungua, mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu mvua zianze.

"Nilidhani ulihama," akasema.

Nilitafuta tuktuk, nikampeleka zahanati. Njiani aliniuliza nina watoto wangapi, kama watu waliokutana siku hiyo.