Mbegu Nyeupe Kwenye Ukungu wa Litembo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisimama shambani kwetu Litembo nikasikia harufu ya uozo kabla sijaona kitu. Majani ya viazi vyangu yalikuwa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nililelewa kwa muhogo na usipa, dagaa wa kwetu, nikaolewa huku milimani nisijue baridi wala viazi mviringo. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao, na dawa za mimea tulizozoea kukopeshwa na ushirika zikawa za dukani, za mwenye uwezo. Mume wangu alikuwa Songea akitafuta kazi. Watoto wanne wakanitazama mimi. Mchuuzi mmoja akaniletea mbegu nyeupe ya viazi. Alisema inakomaa upesi, inazaa kuliko nyekundu yetu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda! Mbegu yangu nyekundu tukaila yote, nikapanda nyeupe shamba zima, tena masika, ukungu ukiwa umelala mlimani mchana kutwa.

Mama mkwe alinionya: "Binti yangu, usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikamjibu, na haya ninayo hadi leo, "Mama, hayo ni ya zamani."

Basi asubuhi ile ya majani meusi alikuja, akachimba shina moja kwa mkono. Kiazi kilipasukia kiganjani mwake, maji matupu. Nilingoja anicheke. Hakucheka.

"Mbegu haina kosa," alisema. "Umeipeleka isikotaka. Sasa utalia au utalima?"

"Nitalima, Mama."

Mwaka ule nilishuka kwa miguu hadi kwetu ziwani kuomba muhogo mkavu, nikaupandisha kichwani. Njaa hatukuikwepa, lakini hatukuzika mtu. Mama mkwe alinigawia mbegu nyekundu aliyokuwa ameiweka darini kwake. Nyeupe nazo nikaokota chache zilizopona, nikaazimia kuzijua zote mbili.

Misimu minne, masika mbili na kiangazi mbili, nilipanda tuta la hii na tuta la ile: juu kwenye ukungu, katikati ya mteremko, na bondeni penye unyevu wa kiangazi. Majirani walisema mkamwana huyu anachezea ardhi. Niliwaacha waseme. Masika, juu kule, nyekundu ilisimama na nyeupe ikafa, mara zote mbili. Kiangazi, bondeni, nyeupe ilikuwa tayari kabla udongo haujakauka. Nyekundu, kwa uvivu wake wa kukomaa, ikaishia viazi vya ukubwa wa gololi. Katikati ya mteremko zilishindana, leo ikishinda hii, kesho ile.

Wanawake wa kijiji cha Mkumbi walipokuja kuniomba mbegu, niliwauliza kwanza: shamba lako liko wapi, na unapanda lini? Wengine walichukia maswali. Waliojibu walivuna.

Mwanangu, nakuambia wazi. Mtu akikusifia mbegu, muulize ilizaa wapi, mvua ikiwaje. Ijaribu kwenye tuta moja kabla hujaipa shamba, na usile mbegu ya zamani hadi mpya imekuonyesha uso wake wa masika na wa kiangazi. Ukikosea, chukua jembe siku hiyohiyo.

Mungu akupe mikono isiyochoka na sikio la kusikia. Mvua ikukute umeshapanda, na watoto wako walale wameshiba.