Mkuyu wa Wembe na Fimbo ya Mama Mkwe

Kinyozi wa mtaani kwetu tunamwita Wembe, ingawa ananyoa kwa mashine. Duka lake lina kiti kimoja kinachozunguka, kioo chenye ufa unaompa kila mteja pua mbili, na redio isiyosikika kwa sababu mwenye duka anaongea kuliko redio. Ataongea habari za mpira, za ndoa yako na za ugonjwa wa shangazi yako, na ukitaka kujibu anakuinamisha kichwa. Mimi nashona viatu kibarazani pale pale, na nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mfupi. Kwa hiyo maisha ya Wembe nayajua, nitake nisitake.

Mtu huyu mwenye kelele alikuwa na mti wake. Si mti wa kukaa kivulini. Ulikuwa mkuyu, ule ule ambao familia nzima inaweza kujibanza nyuma yake, lakini wa Wembe ulikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, na uliishi ndani ya bakuli pana la udongo lenye matobo chini. Wanaojua mambo hayo wanaiita miti ya namna hiyo bonsai. Wembe aliung'oa ungali mche, umejiotea kwenye mfereji wa paa la duka, enzi hizo akiwa kapera. Mteja wake mmoja aliyekuwa akiuza miche ndiye aliyemfundisha jinsi ya kuudumaza bila kuuua.

Basi kila majira yakawa na kazi yake. Wakati wa baridi aliyafunga matawi kwa waya laini akiyapinda kidogo kidogo, na kuufungua waya kabla haujauma gome. Joto likija aliuhamishia kivulini, akaumwagilia asubuhi na jioni. Mvua za kwanza zikianguka, hapo ndipo penye shughuli: aliutoa bakulini, akakata mizizi minene, akaacha ile myembamba kama nywele, kisha akaurudisha kwenye udongo mpya.

"Ni kunyoa tu," alikuwa akiniambia. "Tofauti ni kwamba mti haulalamiki mbele ya kioo."

Mkewe aliuita mke mwenza. "Mke mwenza keshanyweshwa," alisema kila asubuhi kwa sauti ya kusikika huku kwangu, "mimi hata chai sijaulizwa."

Mambo yaliharibika alipokuja mama yake huyo mke kuwasalimia, katikati ya joto kali. Ni mama mwenye mwili, mwenye sauti, na mwenye huruma isiyoomba ruhusa. Asubuhi ya kwanza tu, Wembe akiwa dukani, mama akauona mti.

"Huyu kafanya kosa gani?" aliuliza. "Kafungwa waya mwili mzima, kanyimwa udongo, kadumaa kama mtoto asiyenyonya!"

Binti yake alikuwa anafua. Baadaye alidai kwamba alitaka kueleza ila povu lilimwingia mdomoni. Povu gani hilo la kukaa mdomoni asubuhi nzima, analijua yeye.

Wembe aliporudi jioni, alikuta kuku ametulia ndani ya bakuli lake, anataga. Mti ulikuwa umepandwa ardhini kando ya choo, umefunguliwa waya wote, umemwagiwa ndoo nzima ya maji.

"Nimekuponyea mti wako, mwanangu," mama mkwe alisema. "Hapa chooni pana unyevu. Ukikua, tutasubiria zamu kivulini."

"Ahsante, Mama," alisema Wembe.

Basi. Yule bingwa wa maneno, mbele ya mama mkwe wake alikuwa na maneno matatu tu: shikamoo, ndiyo na ahsante, na yote aliiambia sakafu.

Kuung'oa kwenye joto lile kulikuwa kuuua. Ilibidi asubiri mvua. Lakini mvua zikianza na mama bado yupo analinda, mizizi ingezama chini, shina lingevimba, na miaka yote ya Wembe ingegeuka kuwa mkuyu wa kawaida unaoangusha choo. Na mama alishatangaza: "Siondoki mpaka mgonjwa wangu asimame."

"Mwambie mama yako," Wembe alimbembeleza mkewe.

"Una mdomo wewe. Mtaa mzima unaujua."

Kwa kushiba maji ya mama, mti ulianza kutoa matawi marefu na majani mapana kama sahani. Wembe hakuweza kuvumilia. Kulipokuwa kunapambazuka alitoka na mkasi wake wa kazi, akachuchumaa, akapunguza hapa na pale ili umbo lisipotee, akaenda zake dukani.

Aliyelipia dhambi hiyo ni beberu wangu, ninayemfuga uani.

"Wewe fundi viatu!" Mama alinijia mpaka kibarazani. "Beberu lako lina adabu kweli?"

"Shikamoo, Mama."

"Usinishikamoo! Limekula matawi ya mgonjwa wangu. Tena limeyakata sawasawa, kama limepimiwa!"

Humo ndani Wembe alikuwa anamnyoa mtu. Ghafla akaongeza sauti ya redio. Mimi nikasema nitamfunga beberu, na kweli nikamfunga. Kesho yake mti ukawa umekatwa tena.

"Linajifungua kamba!" Mama alipiga kelele juu ya ukuta. "Hilo si beberu, hilo ni jini lenye ndevu!"

Ningeweza kusema. Lakini kumsema mkwe wa mtu kwa mama mkwe wake ni kazi inayotaka kifua, na mimi kifua changu ni cha kuegemezea kiatu. Beberu alinitazama siku nzima kwa jicho baya.

Asubuhi moja mawingu yalikuwa yamejaa, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo mbichi. Nilikuwa napiga mswaki karibu na ukuta. Nilimwona Wembe akinyata na mkasi. Ambacho hatukukijua, si yeye wala mimi, ni kwamba mama alikuwa amejifungia chooni na fimbo, anamvizia beberu kupitia upenyo wa mlango. Kwenye kile kigiza, kitu kilichoinama juu ya mti kilikuwa na makalio, na hilo lilimtosha.

Fimbo ililia.

"Mama, ni mimi! Mimi mkweo!"

Nilichungulia. Wembe alikuwa ameshika makalio kwa mikono yote miwili, mkasi uko vumbini. Mama aliitazama fimbo kama vile kuna mtu amempachikia mkononi.

"Kumbe beberu ni wewe," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Na kwa nini?"

Nadhani fimbo ile ndiyo iliyomfungua. Mtu akishachapwa makalio na mama mkwe wake, heshima gani tena imebaki ya kulinda? Wembe akasema yote: mfereji wa paa, waya, bakuli, mizizi ya kukata na ya kuacha, na kwamba yote hayo ni kunyoa tu. Akasema mti hakuunyima kitu, alikuwa akiulea hivyo tangu hajaoa. Akasema mvua hii ikipita kabla haujarudishwa bakulini, basi. Aliyasema akimtazama usoni.

"Na ulikaa kimya wakati wote huu?"

"Ningekuambiaje, Mama?"

"Kwa mdomo, mwanangu! Nimekesha chooni mimi!"

Tone la kwanza lilianguka kwenye bati, kisha mengine. Mama alitupa fimbo. "Leta jembe. Halafu mwondoe huyo kuku."

Waliuchimbua mvua ikiwanyeshea wote wawili. Ilipofika zamu ya mzizi mnene kuliko yote, Wembe alikipeleka kisu, akakirudisha. Mama akachukua kisu, akaukata kwa pigo moja kama anakata mkia wa samaki. Wembe alifumba macho. "Ni kunyoa tu," mama alimwambia, "au siyo ulivyosema?"

Mti ulipukutisha majani yote, ukabaki kijiti ndani ya bakuli. Mama aliondoka hivyo hivyo, roho juu, amebeba kitawi cha kupanda kwenye kopo. Mkewe Wembe akasema sasa wake wenza ni wawili.

Siku simu ilipoita, mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Wembe alizima mashine, akakimbilia dirishani alikokuwa amelihamishia bakuli.

"Shikamoo Mama! Ndiyo, nautazama sasa hivi. Subiri. Subiri! Kimetoka! Kichipukizi, Mama, chekundu, kidogo kama pua ya panya! Na kingine huku chini! Wa kwako je? Usiuweke juani, Mama, nisikilize..."

Aliongea mpaka wateja wengine wakaondoka. Mimi niliendelea kukaa na nusu kichwa changu. Nilitaka kumkumbusha kwamba hakuna aliyemwomba radhi beberu, lakini hakuniachia nafasi.