Bonde Lililorudi Sokoni

Fundi wa mabango alichora sabuni, matairi na meno meupe kwenye kuta za mji huu maisha yake yote. Uzee ulipomkuta, akaomba ukuta mmoja tu, ule wa ndani ya soko, achore bonde lilivyokuwa kabla mto haujafukiwa na kumwagiwa zege. Sasa magari ndiyo yanayopita pale, na watu wenye akili zao wanayaita hayo maendeleo.

Mwenyekiti wa soko alikubali kwa sharti. "Mzee, akina mama waliokuwa wakifua pale bado wapo. Wakilitambua bonde lao, libaki. Wasipolitambua, napaka rangi juu, naweka tangazo la simu."

Akachora. Mto ukajipinda, majani yakameta. Dada yake mkubwa, aliyefulia watu nguo bondeni tangu usichana, akaja na wenzake. Wakatazama kama watu waliokosea nyumba ya msiba.

"Pazuri," dada akasema. "Ni wapi?"

Fundi akauonyesha mto kwa brashi. "Dada, ni kwetu!"

"Kwetu? Kwani mimi ndege, mdogo wangu? Lini nililiona bonde nikiwa angani?"

Hapo fundi akashtuka. Ili apate mandhari, alikuwa amepanda ghorofa lililojengwa juzi juzi na kulichora bonde kwanza karatasini kutoka dirishani. Enzi zile ghorofa lilikuwa wapi? Mto ulionwa na watu walioinama, wakipiga soga, si kama leo kila mtu na mashine yake ya kufulia na mlango umefungwa.

Akamsihi mwenyekiti ampe nafasi moja zaidi, akafuta yote. Safari hii alichuchumaa, magoti yakialika, akachora kutoka kimo cha mtu anayefikicha shati: mawe makubwa mbele, povu, maji usawa wa macho, ng'ambo mbali.

Akina mama waliporudi, hakuna aliyeuliza ni wapi.

"Hebu toka mbele ya jiwe langu," dada alimwambia mwenzake.

"Lako tangu lini? Wewe si ulikuwa kule kwenye tope?"

"Hilo la bapa ni langu! Marehemu mumeo angekwambia, hapo ndipo aliponisalimia kila asubuhi!"

"Ndiyo maana alikuwa anachelewa kazini, mshenzi wewe!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Wauza nyanya wakaacha meza zao, waje kuamua ugomvi wa mawe yaliyolala chini ya barabara. Mwenyekiti akapaza sauti njia ifunguliwe; nani amsikie? Mwishowe akamgeukia fundi.

"Ukuta wako, mzee. Ila ongeza mawe, hayawatoshi."

Fundi alikuwa keshachovya brashi.