Mapanga ya Chuma na Mapanga ya Mwanga

Juzi binti yangu wa mwisho aliniwekea kwenye simu yake filamu ya watu wanaopigana huko kwenye nyota, kwa mapanga yanayowaka kama taa ndefu za dukani. Akaanza kunieleza nani ni nani. Nikamwambia, mwanangu, hiyo naijua, hiyo ni ya Kichina. Akacheka sana. Mimi darasa la tano sikulimaliza, lakini kwa hili nina haki ya kubishana, maana niliwahi kuitafsiri mbele za watu, na iliniponza.

Ilikuwa Kihonda, pembezoni mwa mji, nilikokuwa nikikaa kwa mjomba, wakati nyumba bado ni za kuhesabu na ukitazama milima unaiona yote. Jirani na kwa mjomba kulikuwa na banda la video la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani mabenchi, televisheni moja na deki. Mimi nilikaa mlangoni na beseni la mihogo ya kukaanga ya mke wa mjomba. Mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti. Kichina hakujua hata neno moja, alitunga tu, na aliyekuwa akikereka hakuwepo. Tulikuwa tunampenda. Hata leo nikisikia harufu ya mihogo na chumvi na pilipili, nasikia na yale mapanga yakigongana.

Habari yenyewe ilikuwa moja siku zote. Yatima anapanda mlimani kumtafuta mwalimu. Mwalimu anamkataa, anamchotesha maji, anamfagiza ua, mpaka siku anamkabidhi upanga. Wanaruka juu ya mianzi kama ndege. Mimi ni mtu wa Kinole, nami ile milima niliiona ya kwetu: ukungu ule ule wa asubuhi, njia ile ile ya udongo inayoteleza. Nilikuwa nangoja tu apite mtu na mkungu wa ndizi kichwani.

Na yule yatima nilimwonea wivu, kwa sababu yeye alifika kwa mwalimu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba alipofariki, mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja, alikuja Kinole akasema anichukue, mjini nitaendelea na shule. Nikateremka naye nimeshika daftari. Mwaka wa kwanza akasema nafasi hakuna. Wa pili akasema tungoje sare. Wa tatu binti yake akaanza shule, na sketi yake nikawa naipiga pasi mimi. Namtaja kwa kuwa wako wanaomsifu kwa wema: aliyeninyima shule ni yeye, si umaskini. Na mkewe namtaja pia, ndiye aliyeuliza nikienda shule mihogo atauza nani.

Mwaka wa nne, Jumapili moja mchana, mwenye banda aliletewa kaseti mpya. Kwenye ganda lake kulikuwa na picha ya mzee aliyevaa joho, ameshika upanga. Akachukua chaki akaandika ubaoni kwamba hiyo ni sehemu ya pili ya ile ya Wachina ya wiki iliyopita. Banda likajaa. Mjomba, ambaye Jumapili kiwandani hakuwa na zamu, alikaa benchi la mbele. Mtafsiri alikuwa amekaukiwa sauti, akaniita kwa mkono.

"Dada, tafsiri wewe. Unazijua kuliko mimi."

Filamu ikaanza na giza na nyota na chombo cha chuma kinachopita angani. Hakuwemo Mchina hata mmoja. Watu wakaanza kupiga miluzi, wakidai Wachina wao. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Ni wale wale. Wamehama nchi."

Wakacheka, wakatulia. Na kweli kila kitu kikakaa mahali pake. Mzee mwenye joho anaishi peke yake kwenye majabali, yatima anamwendea, mzee anamkataa, kisha anamfagiza pango, mwishowe anamkabidhi upanga unaowaka kama taa. Anamwambia nguvu haiko mkononi, iko kwenye pumzi. Ugomvi ukaanzia hotelini kwa wasafiri, na meza zikavunjika kama zinavyovunjika siku zote. Sikuhitaji kujua Kiingereza. Nilikuwa kama naimba wimbo ninaoujua.

Kisha akatokea mtu wa joho jekundu, sauti nzito, akamshika yule kijana bega. Alichosema sikukielewa. Kilichonitoka mimi ni hiki: "Huyu ni mjomba wake. Alisema atampeleka kwa mwalimu. Miaka minne amemweka nyumbani anaosha vyombo."

Banda zima likaguna. Mama mmoja nyuma akasema huyo si mjomba, huyo ni mwizi. Pale wote walikuwa watu wa kwetu, walijua mjomba anadaiwa nini na mtoto wa dada yake.

Mjomba akageuka. Hakupaza sauti. "Na kama huyo mtoto hana kichwa cha shule?"

"Hajawahi kumpeleka akajaribiwe," nikasema, na kipaza sauti kiko mdomoni.

Mjomba akasimama, akatoka nje.

Jioni alinipiga kwa mkanda mpaka majirani wakavunja mlango. Sikio hili la kushoto halisikii tangu siku ile. Asubuhi akanipandisha gari la Kinole pamoja na daftari langu lile lile, bado tupu nusu.

Mama hakuuliza mengi. Alinikanda sikio kwa maji ya moto siku tatu, siku ya nne akajifunga kanga akanishika mkono mpaka shuleni. Mwalimu mkuu alinitazama kuanzia miguuni. Akasema, "Mama, huyu ameshakuwa mtu mzima."

"Akae nyuma," mama akasema.

Nikakaa nyuma, magoti hayaingii chini ya dawati, nikigeuza sikio la kulia kwa mwalimu. Wenzangu waliniita shangazi. Mihula miwili tu, kisha mama akaugua nikarudi shambani. Lakini herufi hizi ninazoandika, nyingi nilizipata pale.

Mjomba bado yuko hai. Tukikutana misibani nampa shikamoo, anaitikia, ananipita upande wa kushoto.