Supu ya Mgonjwa Wangu

Mimi naishi ndani ya van na mbwa wangu Simba, mzee wa miguu mibovu. Majuzi tuliegesha Miritini, karibu na kibanda cha Mama Kadzo, muuza supu. Asubuhi akanisikia nyuma ya pazia nikimbembeleza Simba: "Meza dawa, baba, miguu ipate kupoa."

Nilipotoka akanipa bakuli. "Mpelekee babako. Maskini, hata kutoka hawezi!"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini harufu ya ile supu, wallahi! Simba akanywa nusu, nusu nikamsaidia. Kesho yake likaja bakuli jingine.

Jumapili akaja mwenyewe kumjulia hali mgonjwa, kajifunga leso safi. Mimi nilikuwa ndani namchua Simba. Akavua viatu, akainama penye pazia.

"Shikamoo, baba."

Shikamoo ya mtu mzima haiachwi hewani. Nikakohoa, nikaikwaruza sauti: "Marahaba, mwanangu."

Simba, kusikia mwenye supu yuko mlangoni, akajikokota, akatoa kichwa na kumlamba mkono. Mama Kadzo akafungua pazia, akanikuta peke yangu, nimepiga magoti.

Akampapasa Simba taratibu.

"Huyu supu yake ataendelea kupata," akasema. "Wewe nirudishie shikamoo yangu."