Kona Iliyobaki Imesimama

Wakui Tamekichi alikuwa seremala wa mahekalu, kama baba yake na babu yake, na kwa miaka thelathini mikono yake ilijua kazi moja tu: kujenga kitu kisichoanguka. Kiangazi kile studio moja ya filamu magharibi mwa Tokyo ilimwajiri ajenge kitu cha kuanguka. Mfano wa duka la ghorofa saba, wa kumfikia mtu kifuani, ili dubwana litokalo baharini lije kuubomoa.

Aliambiwa azikate nguzo za ndani kwa msumeno mpaka zikaribie kuachana. Alizikata, ila mkono ukazionea huruma, ukaishia nusu. Siku ya kupiga picha, mtu aliyevaa ngozi nzito ya mpira alilivamia duka kwa bega. Duka likatikisika kidogo. Yeye akaanguka chali, mkia juu.

Studio nzima ilicheka.

"Bwana Wakui," mwongozaji alisema akijifuta machozi, "umetuulia dubwana kabla jeshi halijafika!"

Kazi akapewa Sonobe. Sonobe! Mtengeneza biskuti wa mtaa wa Asakusa, mtu asiyejua randa inashikwaje. Alikoroga plasta na unga wa mbao kama anayekanda kitafunio, na benki aliyoitengeneza iliporomoka vizuri hata wapiga picha wakampigia makofi. Saa ya chakula watu walijazana mezani kwake. Tamekichi alitafuna figili yake ya chumvi peke yake, na kila kicheko cha meza ile kilimchoma.

Duka jipya la Sonobe likakauka. Wenzake walipokwenda kula, Tamekichi alipenyeza mkono kwenye dirisha la nyuma, akasimamisha kipande cha mbao ya mberoshi ndani ya kona ya kushoto, akakikaza kwa kiungo alichofundishwa na baba yake, bila msumari hata mmoja. Na hili nalo lisianguke. Naye achekwe.

Dubwana likapiga. Ghorofa zote saba zikamiminika kama mchanga. Vumbi lilipotulia, kona ya kushoto ilikuwa imesimama peke yake, nyembamba, na dirisha moja halijavunjika.

Tamekichi alingoja kicheko.

"Hivyo hasa," mwongozaji alisema polepole. "Asubuhi ile baada ya mabomu ya vita, mtaani kwetu ilibaki kona kama hiyo. Sonobe, umewezaje?"

Sonobe alikuna kichwa. "Hata sijui, mkuu. Bahati tu."

Novemba filamu ikatoka. Tamekichi alikwenda na mkewe, Kinuyo. Foleni ilikuwa imezunguka jengo zima. Kona ilipotokea, mama mmoja mbele yao alifunika uso kwa kitambaa.

"Huyo Sonobe wako ana mikono ya ufundi!" Kinuyo alinong'ona.

"Si wangu."

"Haya, si wako. Lakini duka lako wewe lilimwangusha dubwana."

Tamekichi alifungua mdomo. Akisema ile kona ni yake, itabidi aseme pia iliingiaje pale. Akaufunga. Viti vitatu mbele, mtu alikuwa amegeuka kumpongeza Sonobe, na Sonobe anainama, anainama tena, anatabasamu.

"Baba Fusae, mbona umekunja ngumi?"

"Tazama filamu," alisema.