Lori Lililovuka Likiwa Malaba

Kwa miaka sita Roselida alikuwa ametunza rekodi za malori kwenye kompyuta ya wakala mmoja wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na hakuna mtu wa nje ya ofisi aliyewahi kuzisoma. Mwaka wa 1999 wakubwa wa Nairobi wakaleta seva, kompyuta ya kuziweka rekodi hizo kwenye intaneti, ili mwenye lori, popote alipo, afungue aone mali yake imefika wapi. Roselida alijifunza kuiendesha kwa kitabu kinene kama tofali. Siku ya kwanza ya kuiwasha hakutulia: aliketi, akasimama, akagusa waya, akaketi tena.

Saa nne simu ikalia. Tajiri mmoja wa Mombasa alikuwa anafoka.

"Mashini yenu inasema lori langu limevuka tangu juzi! Mbona Kampala hawajaliona?"

Roselida akaangalia skrini. Siku zote, makaratasi yakishapigwa muhuri, yeye aliandika "limevuka", na kila mtu hapo ofisini alijua kwamba lori lenyewe bado liko foleni. Mtu wa Mombasa angejuaje?

"Limevuka kwa makaratasi, mzee," alijaribu.

"Wewe dada, lori langu linatembea kwa magurudumu!"

Kabla hajajibu, dirisha likagongwa. Alikuwa Obuya, dereva wa lori lilelile, na shati alilotoka kulifua likimchuruzikia maji begani.

"Dada Rose," akasema kwa sauti ya kusikika hadi Mombasa, "hebu niangalizie kwa hiyo kompyuta mpya. Mimi navuka lini?"